Je, Wajua? Makato Madogo Yanayomla Mwananchi wa Chechelesi

Chechelesi iko pembezoni mwa mji wa Isiolo, na wengi hapa pesa huwajia vipande vipande: mia mbili leo, mia tano keshokutwa, elfu kadhaa siku mbuzi anapopata mnunuzi. Kila kipande kikipita kwenye simu au benki, kinamegwa. Mwenye milioni haoni tofauti. Mwenye mia tano anaiona jioni ileile, unga unapopimwa. Safu hii inakuwekea mezani hesabu, sheria na historia ya makato hayo. Soma ukiwa na kalamu.

NGAZI ZA MAKATO

1. Je, wajua kwamba ukitoa shilingi 500 kwa wakala wa M-Pesa unakatwa sawa na anayetoa 2,500? Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, wote wawili hukatwa 29.

2. Sasa igeuze hesabu hiyo kuwa asilimia. Anayetoa 500 amepoteza asilimia 5.8 ya pesa zake. Anayetoa 2,500 amepoteza asilimia 1.2 hivi. Anayetoa 50,000 hukatwa 278, yaani chini ya asilimia 0.6. Kwa kila shilingi anayoshika mkononi, mwenye mia tano amelipa karibu mara 10 ya mwenye elfu hamsini.

3. Je, wajua kutoa 500 mara tano kwa wiki kunakugharimu shilingi 145, ilhali kutoa 2,500 mara moja kunakugharimu 29 tu? Tofauti ni 116, kila wiki. Haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia hukimaliza.

4. Pesa inayotumwa kisha ikatolewa hukatwa mara mbili: mtumaji analipa, mpokeaji naye analipa. Mtoto aliye Nairobi akimtumia mamake Chechelesi 1,000, yeye anakatwa 13, mama anakatwa 29. Jumla 42, sawa na asilimia 4.2. Kwa 10,000 jumla ni 205, asilimia 2 hivi. Kwa 100,000 jumla ni 417, asilimia 0.4 tu.

5. Je, wajua shilingi moja inaweza kukugharimu shilingi 23? Kutoa 2,500 ni 29, lakini kutoa 2,501 ni 52. Ngazi moja ukiivuka, ada inaruka.

6. Kwa hiyo anayetaka 5,000 taslimu, akitoa 2,500 mara mbili analipa 58 badala ya 69. Lakini usidhani kugawa kunafaa kila wakati: 3,000 ukiitoa mara moja ni 52, na ukiigawa mara mbili ni 58. Tazama jedwali la wakala kabla hujabonyeza.

7. Kuweka pesa kwenye M-Pesa hakulipiwi. Kumtumia mwenzako hadi shilingi 100 pia ni bure. Wakala hulipwa kamisheni na kampuni yenyewe, kwa hiyo akikudai kumi au ishirini ya "kukuwekea", hiyo hudaiwi.

8. Je, wajua mnunuzi anayelipa dukani kwa namba ya till ya Lipa na M-Pesa hakatwi chochote? Ada hubebwa na mwenye duka. Ukimpata muuzaji mwenye till, kulipa moja kwa moja ni nafuu kuliko kwanza kutoa pesa kwa wakala kisha kuzipeleka dukani zikiwa noti.

KODI ILIYOJIFICHA NDANI YA ADA

9. Je, wajua kwamba ndani ya kila ada ya kutuma au kutoa pesa mna ushuru wa bidhaa wa asilimia 15? Ushuru huo hupigwa kwenye ada, haupigwi kwenye pesa unayotuma. Katika zile 29 za kutoa mia tano, karibu shilingi 3.80 zinakwenda serikalini.

10. Ushuru huo ulianza mwaka 2013 ukiwa asilimia 10. Mwaka 2018 ada za simu zikapandishiwa hadi asilimia 12, na ada za benki hadi 20. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaziweka zote kwenye asilimia 15. Maana yake ni kwamba siku hiyohiyo, tarehe 1 Julai 2023, mtumiaji wa benki alipunguziwa ushuru na mtumiaji wa simu akaongezewa. Na katika vijiji na mitaa kama Chechelesi, simu ndiyo benki.

11. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kufikisha ushuru huo asilimia 20. Vijana waliingia barabarani kote nchini, na baada ya maandamano ya Juni 25, Rais William Ruto alitangaza Juni 26 kwamba hatautia sahihi.

12. Majirani nao wameonja. Uganda ilianza kutoza asilimia 1 kwenye miamala ya simu Julai 2018: kuweka, kutuma, kupokea na kutoa. Wananchi walipaza sauti, na kabla mwaka haujaisha tozo hiyo ikabaki asilimia 0.5, tena kwenye kutoa tu.

13. Tanzania nayo ilianzisha tozo ya miamala ya simu Julai 15, 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 za Tanzania kwa muamala mmoja. Kabla miezi miwili haijatimia, serikali ililazimika kuipunguza kwa asilimia 30, na ikaendelea kuipunguza baadaye. Watu hawakungoja: wengi walirudi kubeba pesa taslimu.

SOMO LA KORONA

14. Je, wajua Kenya ilishawahi kufuta kabisa ada za kutuma pesa ndogo? Machi 16, 2020, Benki Kuu na watoa huduma walikubaliana kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 kusilipiwe, ili watu wapunguze kushika noti wakati wa korona.

15. Matokeo yalionekana upesi. Benki Kuu yenyewe iliripoti kwamba kati ya Februari na Oktoba 2020 wateja zaidi ya milioni 2.8 waliongezeka katika matumizi ya pesa za simu. Hao ni watu waliokuwepo muda wote, na mlango wao ulifunguka ada ilipoondolewa.

16. Msamaha wa miamala ya hadi 1,000 ulikoma Disemba 31, 2020. Kilichosalia ni ile nafuu ya kutuma hadi shilingi 100 bila kukatwa.

17. Kuhamisha pesa kati ya benki na simu nako kulifanywa bure wakati wa korona, hadi mwisho wa 2022. Ada ziliporudi Januari 2023, zilirudi zikiwa zimepunguzwa: za kutoka benki kwenda simu kwa hadi asilimia 61, na za kutoka simu kwenda benki kwa wastani wa asilimia 47. Kama ziliweza kupunguzwa kiasi hicho na huduma ikaendelea, basi kwa miaka mingi mwananchi alikuwa akilipa zaidi ya ilivyohitajika.

SHERIA IKO UPANDE WAKO

18. Je, wajua kwamba Kifungu 16A cha Sheria ya Benki ya Kenya kinakataza benki kutoza ada ya aina yoyote kwenye akaunti ya akiba? Wengi hukatwa kila mwezi kwa sababu akaunti waliyofunguliwa si ya akiba, ni ya miamala, na hawakuelezwa tofauti. Ukifika kwenye kaunta, uliza swali moja: akaunti yangu ni ya aina gani?

19. Kifungu 44 cha sheria hiyohiyo kinasema benki haiwezi kupandisha ada zake bila idhini ya Waziri wa Fedha.

20. Juni 2024, katika kesi ya Stanbic na kampuni ya Santowels, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hata riba ya mkopo imo ndani ya Kifungu 44. Benki ikitaka kuipandisha, lazima kwanza ipate idhini hiyo. Ni uamuzi uliowapa nguvu wakopaji wote nchini, wakubwa kwa wadogo.

21. Kifungu 44A, kilichoanza kutumika Mei 2007, kinazuia deni lililokwama lisivimbe bila mwisho. Mkopo ukishaacha kulipika, riba inayoongezwa haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimesalia siku hiyo. Ulibakiwa na 20,000? Benki haiwezi kukudai riba zaidi ya 20,000 nyingine juu yake.

22. Kifungu 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na huduma, haki ya kulindwa kiuchumi, na haki ya kufidiwa akidhulumiwa. Katiba haikusema haki hiyo ni ya mwenye akaunti kubwa peke yake.

23. Je, wajua kwa nini siku hizi simu hukuonyesha ada kabla hujakubali muamala? Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliwaagiza watoa huduma mwaka 2016 waonyeshe gharama kabla mteja hajathibitisha. Ule ujumbe unaoupita haraka ukibonyeza "ndiyo" ni haki iliyopiganiwa. Usome.

24. Wakala wa benki naye ana mipaka. Mwongozo wa Benki Kuu ulioruhusu mawakala tangu 2010 haumruhusu wakala kumtoza mteja ada yake mwenyewe. Kinachokatwa ni kile kilichowekwa na benki, na ni lazima upewe risiti au ujumbe.

25. Benki ikikukata usichokielewa, anzia tawini kwako, ikiwezekana kwa maandishi. Usiporidhika, peleka malalamiko Benki Kuu ya Kenya. Huhitaji wakili kufanya hivyo.

ISIOLO NA UMBALI WAKE

26. Kaunti ya Isiolo ilihesabiwa kuwa na watu 268,002 katika sensa ya 2019, nao wametawanyika kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Benki nyingi ziko mjini Isiolo. Kwa mtu wa Merti au Garbatulla, ada ya kwanza ya benki ni nauli, na haiandikwi kwenye jedwali lolote. Mkazi wa Chechelesi yuko karibu zaidi na mji, lakini naye akipanda bodaboda kwenda kutoa mia saba, nauli hiyo ni sehemu ya makato.

27. Je, wajua mpango wa HSNP wa kuzisaidia familia zinazoathiriwa na ukame ulianzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kisha ukapanuliwa kufika Isiolo, Samburu, Garissa na Tana River? Malipo yake ya kawaida yamekuwa shilingi 5,400 kila miezi miwili, kupitia akaunti za benki. Inua Jamii, mpango wa wazee, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa, umekuwa wa 2,000 kwa mwezi. Pesa kama hizo zina kazi moja: chakula. Kila shilingi inayokatwa njiani imetoka kwenye sufuria.

28. Maziwa ya ngamia yanayokusanywa na akina mama wa Isiolo, wakiwemo wa ushirika wa Anolei, husafiri kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Maziwa yakienda, pesa hurudi kwa simu, kutoka kwa mnunuzi hadi kwa mama wa mjini, na kutoka kwake hadi kwa mchungaji aliye malishoni. Kila mkono pesa inapopita, ada inabaki hapo. Biashara ya faida ndogo kwa lita haiwezi kubeba makato mengi.

29. Benki za kwanza za Kenya kufuata sharia kikamilifu, Gulf African Bank na First Community Bank, zilianza kazi mwaka 2008, na First Community siku hizi ni Premier Bank. Kwa Waislamu wengi wa Isiolo zilijibu suala la riba. Lakini kutotoza riba si kutotoza ada: huko pia omba orodha ya makato kabla ya kutia sahihi.

ADA INAYOFICHA JINA LA RIBA

30. Je, wajua mkopo wa M-Shwari, ulioanza Novemba 2012, uliwekewa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, kabla ya ushuru? Ukikopa 1,000, ada ni 75. Inaonekana ndogo. Lakini anayekopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima amelipa 900 kwa kutumia 1,000 ileile.

31. Fuliza, mkopo wa kujazia salio la M-Pesa lisilotosha, ilianza Januari 2019. Kila unapoitumia kuna ada ya asilimia 1, kisha ada ya kila siku hadi umalize deni. Oktoba 2022 ada za siku zilipunguzwa, na deni lisilozidi 1,000 likapewa siku tatu za kwanza bila ada ya siku. Ukilazimika kuitumia, lipa ndani ya siku hizo tatu.

32. Una haki ya kupata ripoti yako ya mikopo bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila shirika la kumbukumbu za mikopo lililoidhinishwa na Benki Kuu. Itazame kabla mkopeshaji hajaitazama.

TULIKOTOKA

33. Benki ya KCB inahesabu mwanzo wake kutoka mwaka 1896, National Bank of India ilipofungua ofisi Mombasa. Wateja wake walikuwa wafanyabiashara na utawala wa kikoloni. Benki ya Posta, iliyolenga wenye akiba ndogo, ilianza 1910.

34. Kwa miaka mingi benki kubwa zilidai salio la chini na ada ya kila mwezi ambayo mkulima au mfugaji hakuimudu. Equity, iliyoanza 1984 kama chama cha ujenzi na kuwa benki 2004, ilikua kwa kuondoa vizingiti hivyo. Waliodharauliwa walikuja kwa mamilioni, na benki ikapata faida kwao. Hoja kwamba maskini hana biashara ya kuipa benki ilizikwa hapo.

35. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti wa FinAccess ulionyesha ni asilimia 26.7 tu ya Wakenya wazima waliofikiwa na huduma rasmi za fedha. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 84.8. Mlango umefunguka. Lililobaki ni bei ya kuupita.

36. Je, wajua watafiti Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba M-Pesa ilizitoa familia 194,000 za Kenya kwenye umaskini uliokithiri? Kazi yao ya 2014 ilikuwa imeonyesha sababu moja: familia isiyotumia M-Pesa ikipatwa na pigo ilipunguza matumizi yake kwa karibu asilimia 7, ilhali iliyoitumia haikutetereka, kwa kuwa ndugu waliweza kuituma pesa haraka na kwa gharama nafuu. Gharama ikipanda, kinga hiyo inapungua, na Isiolo ukame hauombi ruhusa.

WENGINE WAMEWEZAJE?

37. Benki Kuu ya Brazil ilianzisha mfumo wa Pix Novemba 2020. Mtu wa kawaida anatuma pesa papo hapo kutoka benki yoyote kwenda nyingine, mchana na usiku, bila kulipa.

38. India ina mfumo wa UPI tangu 2016, na mwananchi anamlipa muuza chai kwa simu bila ada. Kenya ina PesaLink ya benki tangu 2017, inayohamisha pesa papo hapo chini ya shilingi milioni moja kwa muamala, lakini kila benki hupanga ada yake. Linganisha kabla ya kutuma.

39. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba kufikia 2030 gharama ya pesa ambazo wahamiaji hutuma nyumbani kutoka ng'ambo iwe chini ya asilimia 3. Rudi kwenye namba 4: 1,000 ya mtoto aliye Nairobi ikifika Chechelesi na kutolewa, bila kuvuka mpaka wowote, makato yake yanazidi kiwango hicho.

PESA ZILIZOSAHAULIKA

40. Akaunti ya benki ikikaa zaidi ya miaka mitano bila kuguswa, pesa zake huhesabiwa kuwa mali isiyodaiwa na hupelekwa kwa mamlaka ya serikali ya mali hizo, UFAA. Kuzidai ni bure, kwa mwenyewe au kwa warithi. Kama mzee wenu alikuwa na kitabu cha benki, kitafuteni.

BASI UFANYE NINI?

Toa pesa mara chache, kwa kiasi kinachojaza ngazi ya ada. Lipa kwa till inapowezekana. Soma ujumbe wa ada kabla ya kukubali. Uliza aina ya akaunti yako, na ukijibiwa kwa mkato, uliza tena. Wenye vikundi vya merry-go-round na chama, pangeni siku moja ya kukusanya na kulipana ili pesa zisizungushwe ovyo.

Na ninyi mlio Bungeni, Benki Kuu na kwenye kampuni za simu: mwaka 2020 mlithibitisha kwamba pesa ndogo inaweza kutumwa bure na nchi isisimame. Ondoeni ada kwenye miamala ya hadi shilingi 1,000, kutuma na kutoa. Mwananchi wa Chechelesi hastahili kulipa zaidi kwa sababu tu ana kidogo.